Vichujio vya Barua Taka vya Watoa Huduma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na watu ninaowatunzia barua pepe: wahasibu, walimu wakuu, wenye maduka ya vipuri, makatibu wa vyama vya ushirika. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Jibu likikupeleka kwenye swali jingine, nenda huko, maana sikutaka kusema jambo moja mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Barua taka ni ipi hasa?

Ni barua pepe usiyoiomba, iliyotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo. Lazima yote mawili yawepo. Mtu usiyemjua akikuandikia kuuliza bei ya mabati, hiyo si taka, ni mteja. Jarida la duka ulilojiandikisha mwenyewe nalo si taka, hata kama limekuchosha. Shika tofauti hii, kwa sababu kichujio hujifunza kutokana na kile unachokiita taka (swali la 10).

Taka zenyewe hazilingani. Kuna matangazo matupu ya dawa na mikopo, yanayokera tu. Kuna utapeli wa urithi na bahati nasibu. Kuna hadaa ya nywila, yaani barua iliyovaa sura ya benki yako au ya msimamizi wa barua pepe, ikikutaka "uthibitishe akaunti" kabla ya saa sita usiku. Na kuna zile zenye kiambatisho kilichobeba virusi, mara nyingi kikijiita ankara au risiti. Hizo mbili za mwisho ndizo za kuogopa.

2. Kwa nini haziishi miaka yote hii?

Kwa sababu mtumaji halipi karibu chochote. Gharama iko kwa anayepokea na kwa kampuni inayobeba mzigo katikati. Mtu akituma barua milioni moja na wakanaswa watu watatu, ameshapata faida.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa karibu watu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, huko Marekani. Miaka minne baadaye, mwaka 1982, ziliandikwa kanuni za SMTP ambazo seva hutumia kupelekeana barua. Watumiaji walikuwa wachache na wengi walijuana, kwa hiyo kanuni hizo hazikumdai mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Hadi leo mtu anaweza kuandika jina lolote kwenye sehemu ya "Kutoka", kama anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Mengi ya yanayofuata hapa chini ni jitihada za kuziba pengo hilo moja.

Chanzo kikikatwa, tofauti huonekana mara moja. Tarehe 11 Novemba 2008 kampuni ya McColo ya California, iliyokuwa ikihifadhi mitambo ya kuongozea kompyuta zilizotekwa na virusi ili zitume taka, ilikatiwa intaneti na kampuni zilizoiunganisha. Barua taka duniani zilipungua zaidi ya nusu kwa muda mfupi. Baada ya miezi michache watumaji walikuwa wamehamia kwingine na mafuriko yakarudi. Ndiyo maana tunahitaji kichujio kinachofanya kazi kila siku. Ushindi wa siku moja haudumu.

3. Kichujio cha mtoa huduma kina tofauti gani na kile cha kwenye kompyuta yangu?

Mahali. Cha mtoa huduma kinakaa kwenye seva, kabla barua haijakufikia. Cha kwenye kompyuta, kama kile kilichomo ndani ya programu ya barua ya Thunderbird, huanza kazi barua ikiwa imeshapakuliwa.

Kwa mtu mwenye nyaya za kasi huko Ulaya tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwalimu anayefungua barua kwa simu iliyo kwenye bando la wiki, ni kubwa. Barua mia za taka zenye picha na viambatisho zikipakuliwa ndipo zichujwe, bando limeshaliwa. Zikikamatwa kwenye seva hazikugharimu kitu. Kuna faida nyingine: seva inaona barua za maelfu ya watu kwa wakati mmoja, hivyo inagundua mkupuo mpya ndani ya dakika chache, ilhali kompyuta yako inaona zako tu.

Tumia vyote viwili ukiweza. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua cha kwenye seva.

4. Mtoa huduma wangu ni nani? Nimepiga simu kwa kampuni ya bando, wamesema hawahusiki.

Huenda wamesema kweli. Kuna kampuni tatu ambazo watu huzichanganya: inayokuuzia intaneti, inayotunza kisanduku chako cha barua, na inayohifadhi tovuti na domeini ya ofisi. Zamani, enzi za kupiga mlio kwa laini ya simu ya mezani, kampuni moja ilifanya yote. Siku hizi unaweza kuwa na intaneti ya mtandao wa simu, barua kwenye Gmail, na domeini kwa kampuni ya tatu.

Angalia kinachofuata alama ya @. Ikiwa ni gmail.com au yahoo.com, kichujio ni cha Google au Yahoo. Ikiwa ni jina la kampuni yako ya intaneti, waulize wao. Ikiwa ni domeini ya ofisi, muulize aliyekuwekea barua, kwa kawaida ni kampuni ya kuhifadhi tovuti. Huyo ndiye nitakayemwita "mtoa huduma" kuanzia hapa.

## Kichujio kinavyofanya kazi

5. Kinajuaje kwamba hii ni taka?

Hakijui kwa hakika. Kinakisia, kwa hatua kadhaa, na kila hatua inapunguza mzigo wa inayofuata.

Hatua ya kwanza iko mlangoni. Kabla ya kupokea hata neno moja, seva huangalia namba ya IP ya anayebisha hodi, yaani namba inayoitambulisha mashine yake mtandaoni, na kuilinganisha na orodha nyeusi ya namba zinazojulikana kwa taka. Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha ya kwanza iliyotumika kwa wingi mwaka 1997. Mwaka uliofuata Steve Linford alianzisha Spamhaus, ambayo orodha zake bado zinatumiwa na watoa huduma wengi. Taka nyingi huishia hapa, na wewe huzioni hata kwenye folda ya taka.

Baadhi ya seva huongeza ujanja mwingine: hukataa kwa muda barua ya mgeni na kumwambia arudi baadaye. Seva halali hurudi baada ya dakika kadhaa, kwa sababu kanuni zinaitaka ifanye hivyo. Programu nyingi za kumwaga taka hazina subira, zinasonga mbele. Ukiona barua ya kwanza ya mtu mpya imechelewa kidogo na zinazofuata zinafika papo hapo, sababu mara nyingi ni hiyo.

Hatua ya tatu ni kitambulisho. SPF ni orodha, iliyowekwa kwenye domeini, ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayoonyesha kuwa barua haikuchezewa njiani. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inaunganisha hizo mbili na kumwambia mpokeaji afanye nini zikishindwa: apitishe, aweke kwenye taka, au akatae kabisa.

Baada ya hapo ndipo maudhui yanapoangaliwa. Programu ya SpamAssassin, iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001 na ambayo bado iko kwenye seva nyingi za kuhifadhi tovuti, ina mamia ya vipimo vidogo. Kila kipimo kinaongeza au kupunguza alama, kisha alama zinajumlishwa. Zikifika kiwango kilichowekwa, barua inahesabiwa taka. Pembeni yake hufanya kazi hesabu ya uwezekano iliyobeba jina la Thomas Bayes, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 18. Paul Graham aliitangaza sana kwa kazi hii mwaka 2002. Wazo lake ni jepesi: hesabu kila neno limeonekana mara ngapi kwenye taka na mara ngapi kwenye barua nzuri, kisha ukipata barua mpya, tazama maneno yake yanaelemea upande gani. Kwenye barua za mfanyabiashara wa kahawa Moshi, neno "mnada" ni la kheri. Kwa mtu mwingine linaweza kuwa ishara mbaya. Kwa hiyo kichujio kilichofunzwa kwa barua zako kinakufaa kuliko kilichofunzwa kwa za watu wengine.

6. Kwa hiyo kuna mtu anasoma barua zangu?

Mashine inazipitia, naam, kama inavyozipitia kutafuta virusi. Hakuna mtu anayekaa kuzisoma ili azichuje. Kwa wingi wa barua zinazopita hilo haliwezekani. Ila kumbuka kwamba barua pepe ya kawaida haijafichwa machoni pa anayeendesha seva, kichujio kiwepo kisiwepo. Nywila na namba ya siri ya benki usivitume kwa njia hii.

7. Nitajuaje kwa nini barua fulani imehesabiwa taka?

Fungua kichwa kamili cha barua, yaani ile mistari ya maelezo ya seva ambayo kwa kawaida hufichwa. Kwenye Gmail kipo chini ya vile vidoti vitatu, kwa jina la "Onyesha ya asili". Programu nyingine hukiita chanzo cha ujumbe. Kwenye seva yenye SpamAssassin utakuta mstari kama huu:

X-Spam-Status: Yes, score=6.1 required=5.0 tests=HTML_IMAGE_ONLY_08, MIME_HTML_ONLY, SUBJ_ALL_CAPS

Mstari wa namna hii niliuona kwenye barua ya shule moja. Mwalimu alikuwa amewaandikia wazazi mwaliko wa kikao. Kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa tupu, MWALIKO WA KIKAO CHA WAZAZI, na ndani hapakuwa na maandishi ila picha ya bango lililotengenezwa vizuri kwa rangi za shule. SUBJ_ALL_CAPS ni hizo herufi kubwa. HTML_IMAGE_ONLY_08 ni picha iliyobeba karibu kila kitu. MIME_HTML_ONLY ni barua isiyo na nakala ya maandishi matupu. Matapeli hupenda picha kwa sababu mashine haisomi maneno yaliyomo kwa urahisi, basi mwalimu akaadhibiwa kwa kosa lao. Tulipoandika tarehe, saa na mahali kwa maandishi ya kawaida na bango likabaki kiambatisho, mwaliko ulifika.

Mstari mwingine wa kutafuta ni Authentication-Results. Ukiona spf=fail au dmarc=fail kwenye barua inayodai imetoka benki, usibonyeze chochote ndani yake.

## Kukiwasha na kukifundisha

8. Nakiwashaje?

Kwenye Gmail, Yahoo na Outlook.com kimeshawashwa.

Kwenye domeini ya ofisi iliyohifadhiwa kwa cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti na barua za domeini, ingia, tafuta Spam Filters katika sehemu ya barua, uwashe. Washa pia Spam Box, ambayo hutenga barua zilizoshukiwa kwenye folda yake. Nimekuta ofisi nyingi ambako huduma imelipiwa kwa miaka na hakuna aliyewahi kuingia huko hata mara moja. Kama huna nywila ya cPanel, mwombe aliyekuwekea. Ni mali yako.

9. Niweke kiwango gani cha alama?

Anza na 5, ambacho ndicho cha kawaida cha SpamAssassin. Namba ikiwa ndogo, kichujio kinakuwa mkali zaidi. Hapo watu wengi hudhani ni kinyume. Kaa na 5 kwa wiki mbili huku ukitazama folda ya taka. Ukikuta barua nzuri humo, panda hadi 6 au 7. Zikipenya taka nyingi na folda haina barua nzuri hata moja, shuka hadi 4.

Kuna swichi ya kufuta taka moja kwa moja bila kuziweka kwenye folda. Nakusihi usiiwashe. Mhasibu mmoja ninayemhudumia aliiwasha kwa kiwango cha 3 kwa sababu alikuwa amechoshwa na matangazo. Kwa miezi miwili zabuni zilizotumwa kwake zilikuwa zikifutwa na hakuna aliyejua, maana anayetuma hapati taarifa na anayepokea haoni kitu. Taka ikipenya unapoteza sekunde mbili kuifuta. Barua njema ikifutwa hurudishiwi.

10. Nikibonyeza "Ripoti taka" kinatokea nini?

Mambo mawili au matatu. Barua inahamia kwenye folda ya taka. Kichujio kinajifunza kwamba barua za namna hiyo huzitaki. Na kwa baadhi ya watoa huduma, nakala ya lalamiko hupelekwa kwa kampuni ilikotoka barua hiyo ili imshughulikie mteja wake. Kwa hiyo kitufe hicho kina nguvu, na hakilingani na kitufe cha kufuta.

Watu hukitumia vibaya kwa namna mbili. Wengine hufuta taka kimyakimya kila asubuhi, mwaka mzima, na kichujio hakijifunzi lolote. Wengine huripoti chochote kisichowapendeza: jarida waliloliomba, kikumbusho cha ada, mpaka barua za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kisha wanashangaa taarifa za kikundi zimeanza kuangukia kwenye taka za wanachama wenzao.

Upande wa pili una uzito uleule. Ukikuta barua nzuri kwenye taka, usiisome humohumo ukaiacha. Bonyeza "Si taka". Hilo ndilo somo ambalo kichujio hukosa zaidi.

11. Nibonyeze linki ya kujiondoa iliyo chini ya barua?

Kama ni kampuni unayoijua na uliwahi kuwapa anwani yako, bonyeza. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na kitufe chake mara nyingi hukiona juu kabisa, karibu na jina la mtumaji. Kitumie hicho.

Kama humjui mtumaji, usibonyeze. Kwa tapeli, kubonyeza ni kumjulisha kwamba anwani ina mtu hai. Ripoti tu.

12. Nimezuia anwani zaidi ya mia mbili na bado zinakuja.

Acha kujichosha. Watumaji wa taka hawarudii anwani. Hubuni mpya kila mkupuo. Kuzuia anwani mojamoja kunafaa kwa mtu halisi anayekusumbua, kama muuzaji king'ang'anizi. Kwa taka, kufundisha kichujio ndiko kunakosaidia.

## Barua nzuri iliyopotea

13. Kuna barua naisubiri na haijafika. Nifanye nini?

Fungua folda ya taka leo, usingoje kesho. Gmail hufuta yaliyomo baada ya siku 30, na watoa huduma wengine wana muda mfupi zaidi. Tafuta kwa jina la domeini ya mtumaji, usitegemee kuona kwa macho.

Ukikosa, tazama vichupo vya matangazo na vya mitandao ya kijamii, kisha sheria za kuchuja ambazo huenda uliziweka zamani ukasahau. Ukikosa tena, mwulize mtumaji kama amerudishiwa ujumbe wa kushindwa. Kama amerudishiwa, akutumie wote kama ulivyo, kwa sababu sababu ya kukataliwa imeandikwa ndani yake. Kama hakurudishiwa, mpelekee mtoa huduma wako anwani ya mtumaji, tarehe na saa, naye atafute kwenye kumbukumbu za seva. Ukimwambia tu "kaka, barua hazifiki", hana pa kuanzia.

Kwa wanaosubiri majibu ya kazi, ufadhili wa masomo au viza, fungua folda ya taka kila baada ya siku mbili. Nimemwona binti aliyeitwa kwenye usaili, na wito ukakaa kwenye taka siku tisa. Alipoukuta, siku ya usaili ilikuwa imepita juzi yake.

14. Natumia Outlook ofisini na sioni folda ya taka ya seva.

Bila shaka akaunti imewekwa kwa POP3. Njia hiyo huchukua kilichomo kwenye kikasha peke yake. Folda nyingine za seva haizijui, ikiwemo ya taka. Barua zinaweza kurundikana huko miaka mitatu na wewe ukaamini hazikutumwa.

Suluhisho la kudumu ni kuhamia IMAP, inayoonyesha folda zote na kulinganisha simu na kompyuta. Weka nakala ya barua za zamani kabla ya kuhama. Wakati unangoja fundi, ingia kwa kivinjari kupitia ukurasa wa webmail wa domeini yako, hata mara moja kwa wiki, ukague.

15. Niweke nani kwenye orodha ya wanaoruhusiwa?

Watu na taasisi ambao kukosa barua yao kutakuumiza: benki, chuo, mteja mkubwa, mamlaka ya kodi. Weka anwani kamili inapowezekana. Usiruhusu gmail.com yote, maana utakuwa umewafungulia pia matapeli wote wenye Gmail. Na usiruhusu domeini ya ofisi yako mwenyewe. Sababu iko swali la 20.

16. Kichujio kinaelewa Kiswahili?

Kwa kiasi, na hapa kuna kasoro inayoniuma. Vichujio vingi vimelelewa kwa Kiingereza. Utapeli ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha hupenya kirahisi kuliko uleule kwa Kiingereza, kwa sababu sehemu ya maudhui ina machache ya kuulinganisha nao. Kila "Ndugu mteja, akaunti yako itafungwa" unayoiripoti inaongeza kidogo kwenye ghala hilo.

Kuna pia kosa la mipangilio. SpamAssassin ina kikisio cha lugha, na msimamizi anaweza kuorodhesha lugha zinazokubalika. Akiandika en peke yake, barua ndefu ya Kiswahili inaweza kuongezewa alama kwa kosa la kuwa Kiswahili. Mwombe aongeze sw, ambayo ndiyo alama ya lugha yetu. Nimelikuta hili kwenye seva iliyokodiwa nje ya nchi, na lilikuwa limeachwa vile tangu siku ilipowashwa.

## Unapotuma wewe

17. Barua za ofisi yangu zinaangukia kwenye taka za wateja.

Angalia kwanza SPF, DKIM na DMARC za domeini yako (swali la 5). Kwenye cPanel kuna ukurasa uitwao Email Deliverability unaokuonyesha kasoro za SPF na DKIM. Kosa la kawaida ni hili: ofisi inatuma barua za kawaida kwa seva yake na ankara kwa programu ya uhasibu ya kampuni nyingine, na SPF inaitaja seva moja tu. Ankara zote zinaonekana za kughushi.

Ukituma barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail, masharti ya 2024 yanakutaka uwe na vyote vitatu, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Hizo ni barua tatu kwa kila elfu. Kununua orodha ya anwani mtaani kunakuvusha mpaka huo kwa siku moja.

18. Nimerudishiwa ujumbe kwamba IP yangu imo kwenye orodha nyeusi. Sijawahi kutuma taka!

Nakuamini. Mitandao yetu mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya IP, kwa kuwa namba za zamani za IPv4 zimeadimika. Kompyuta moja yenye virusi miongoni mwao inachafua jina la wote. Zaidi ya hapo, Spamhaus ina orodha iitwayo PBL ya namba ambazo hazipaswi kutuma barua moja kwa moja hata kidogo, kama zile za simu na za majumbani. Kuwamo kwenye PBL si tuhuma.

Tiba ni kutuma kupitia seva ya mtoa huduma wako, ukiwa umeingia kwa jina na nywila, kwa mlango (port) wa 587 au 465 kwenye mipangilio ya kutuma ya programu yako ya barua. Orodha nyingine, inayotaja virusi, ikikutaja na IP ni ya ofisi peke yake, safisha kompyuta zote kwanza ndipo uombe kutolewa. Ukiomba kabla, utarudishwa humo.

19. Kwa nini kampuni ya intaneti imefunga mlango wa 25?

Huo ndio mlango ambao seva hutumia kupelekeana barua. Wameufunga ili kompyuta zilizotekwa na virusi zisimwage taka duniani kutoka kwenye mtandao wao. Ni jambo jema. Badilisha mipangilio kama nilivyoeleza kwenye swali la 18.

## Mambo ya pembeni

20. Nimepokea barua kutoka kwangu mwenyewe. Nimedukuliwa?

Mara nyingi hapana. Mtumaji ameandika anwani yako kwenye "Kutoka", basi. Ile inayojulikana zaidi inadai imekurekodi kwa kamera na inataka sarafu za kidijitali. Wakati mwingine inataja nywila yako ya kweli, na hapo watu hutetemeka. Nywila hiyo imetoka kwenye tovuti iliyowahi kuvuja. Usilipe. Ibadilishe popote ulipoitumia, kisha ripoti barua.

Hapa ndipo kuruhusu domeini yako mwenyewe kunapoleta madhara, kwa sababu kichujio kitapitisha kila anayejifanya wewe, au bosi wako.

21. Ghafla nimepata maelfu ya barua za "thibitisha usajili wako" ndani ya saa moja.

Usianze kuzifuta. Kuna mtu ameingiza anwani yako kwenye fomu za tovuti nyingi kwa mpigo, na mara nyingi lengo ni kuficha barua moja katikati: taarifa ya benki, ya ununuzi, au ya kubadilishwa nywila. Kichujio hakisaidii sana, kwa kuwa barua zenyewe zinatoka kampuni halali.

Ipigie benki kwanza, kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Kisha tafuta kwenye kikasha jina la benki na la maduka ya mtandaoni unayotumia. Mafuriko hupungua baada ya siku chache.

22. Sheria inanilinda?

Ipo. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ujumbe usioombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu jinsi anwani yako inavyokusanywa na kutumiwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kamishna wake hupokea malalamiko. Sheria hizi zina meno kwa kampuni ya nchini inayokusumbua. Kwa mtumaji aliyejificha nchi za mbali, tegemea kichujio.

23. Nimeelekeza barua zote za ofisi ziende Gmail. Sasa nyingine hazifiki kabisa.

Kuelekeza kunavunja SPF. Gmail inaona barua ya mteja wako ikiletwa na seva ya ofisi, ambayo haimo kwenye orodha ya mteja huyo. Na kama kichujio cha ofisi kimezimwa, unaielekezea Gmail taka zote pia, nayo inahitimisha kwamba seva yako ndiyo inayozimwaga. Wenzako wote kwenye seva hiyo wanaathirika.

Washa kichujio cha ofisi kwanza, na usielekeze kilichoangukia kwenye taka. Bora zaidi, acha kuelekeza kabisa: ongeza akaunti ya ofisi kwa IMAP kwenye programu ya barua ya simu, ikae kando ya Gmail yako, kila moja na kichujio chake na folda yake ya taka ya kukagua.